Jina Lisiloitikiwa

"Mbuzi alikuwa mmoja," akasema Meja Wainaina, akigonga meza. "Mmoja, mweupe, na alikojolea viatu vyangu."

"Walikuwa wawili," akasema baba mkwe wangu, Mzee Kaloki. "Wewe ulikuwa mbele unaendesha. Mambo ya nyuma utayajulia wapi?"

"Nilikuwa rubani, Kaloki. Uzito wote wa ndege ulikuwa kichwani mwangu. Mbuzi wa pili ningemsikia."

"Ulisikia nini wewe? Hata mke wako humsikii."

Wazee wengine wakacheka, supu ikamwagika. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kona ya hoteli hiyo ya Kitengela, kalamu mkononi, mtoto mapajani akitafuna kofia ya kalamu, na sikuwa nimeandika hata sentensi moja ya maana. Kazi yangu ilikuwa kuandika historia ya kikosi chao cha ndege, kwa Kiswahili kilichonyooka, isomwe Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa, siku ya Korongo. Walinichagua kwa sababu nasoma madarasa ya jioni, na kwa sababu kila mtu mwingine waliyemwomba alikuwa amekataa. Sasa nilielewa kwa nini. Ukiwauliza swali moja wanakupa majibu manne, na yote yanapigana.

Korongo hawakuwa wale wa ndege za vita ambazo watu hutoka nje kuzitazama. Walikuwa na ndege ndogo za mizigo, za miguu mirefu, zilizoweza kutua hata penye mawe, na ndiyo sababu ya hilo jina. Walibeba dawa, wagonjwa, karatasi za mitihani, na mara moja hao mbuzi. Mwaka ule wa ukame mkubwa, themanini na nne, walibeba mahindi kwenda kaskazini. Sehemu nyingi hakukuwa na pa kutua, kwa hivyo waliyaangusha. Gunia la mahindi lilitiwa ndani ya gunia lingine kubwa, ili la ndani likipasuka chini, la nje liyashike. Mtu mmoja alijifunga kamba kiunoni, akasimama kwenye mlango ulio wazi, upepo ukimpiga, akasukuma gunia baada ya gunia.

Mtu huyo wa mlangoni alikuwa kijana wa Kajiado, jina lake Simel. Asubuhi moja ndege yake iliingia kwenye ukungu ikagonga mlima. Yeye, rubani wake na msaidizi wa rubani, hakuna aliyerudi. Baba, yaani Mzee Kaloki, alikuwa fundi wa injini kwenye kikosi hicho hicho na Simel alikuwa rafiki yake wa kulala kitanda cha juu na cha chini.

Korongo wako na desturi yao. Kila mwaka wakikutana, majina ya waliokufa huitwa kwa sauti kama wakati wa paredi asubuhi, na mtu wa familia husimama akaitikia, "Yuko!" Mke, mtoto, mpwa, yeyote wa damu. Nimeona watu wazima wakilia kwa neno hilo moja. Lakini jina la Simel likiitwa, ukumbi hunyamaza. Hakuna anayesimama. Mwaka mmoja Baba alisimama mwenyewe akaitikia, Meja akamkalisha mbele ya wageni: wewe si damu yake, Kaloki, ukiitikia wewe tumeharibu kitu.

"Na hilo jambo la Simel," Meja akasema sasa, akipangusa midomo. "Wanakamati tumekubaliana. Mwaka huu tukiita na pasipatikane mtu, tunamtoa. Sio kwa ubaya. Kile kimya kinatia aibu. Wajukuu wanauliza huyo ni nani ambaye hata nyumbani kwao hawamtaki."

Baba akaweka kijiko chini. "Mtamtoa kwenye kuitwa. Na kwenye historia?"

"Mtu asiye na familia tutamwandika aje? Mimi nilienda kwao na gari yangu. Nikafukuzwa kwa macho. Wale watu hawajali, Kaloki. Kubali."

Baba hakukubali. Tulipofika nyumbani alivua viatu, akaketi kwenye kiti chake cha plastiki nje ya mlango, miguu imevimba kwa sababu ya sukari, akaniambia, "Mama Simel, wewe utaenda Kajiado."

Maana hilo ndilo jina langu, Mama Simel. Jina langu la nyumbani ni Kalunde, lakini tangu nizae hakuna mtu hapa Kitengela anayelitumia. Kwetu Ukambani mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake, na kijana wangu alipaswa kuitwa Kaloki. Siku tuliyotoka hospitali, mzee alimshika, akamwangalia kwa muda mrefu, akasema, "Mimi bado niko hai, jina langu bado nalitumia. Huyu ni Simel." Mume wangu Maweu hakutaka. Wenzake kwenye shamba la maua huko Isinya walimcheka: Mkamba anamzaa Mmaasai, haya, tueleze vizuri, Maweu. Mimi nilikubali. Niliona mzee amebeba mtu huyo miaka yote bila mahali pa kumweka, na hapa palikuwa na kitu kidogo chenye joto kimefungwa shali.

"Kwa nini mimi, Baba?" nikauliza.

"Kwa sababu mwanamke aliyebeba mtoto hafukuzwi kwa macho. Waambie tu waje. Mtu mmoja. Asimame, aseme neno moja, aketi. Ni kitu kigumu hicho?"

Hakikuonekana kigumu.

*

Nilipewa namba ya simu ya Lesiamon, mdogo wake Simel, na aliyenipa ni Judy, mke wake, ambaye huleta maziwa Kitengela na anajulikana na kila mama mwenye mtoto mtaani kwetu. Sikumweleza mengi. Nilisema mzee wangu alifanya kazi na ndugu ya mume wake jeshini na anataka nije niwasalimie. Akasema njoo, wageni hawakatazwi.

Boma lao liko mbele kidogo ya mji wa Kajiado, barabara ya vumbi, nyumba mbili za mabati na moja ya zamani ya udongo ambayo mama mkwe wa Judy amekataa ibomolewe. Nilimkuta mama huyo ameketi mlangoni mwake, mkongwe, mwembamba, masikio yamening'inia na shanga. Wote wanamwita Koko, yaani bibi.

"Takwenya, Koko," nikamsalimu kwa Kimaasai kama Judy alivyonifundisha.

"Iko," akajibu, akanyoosha mkono. Nilifikiri ananisalimia mimi. Alikuwa akimtafuta mtoto. Akaweka kiganja kwenye kichwa chake, akamvuta karibu, akamtemea mate kidogo kwenye paji la uso.

Nilishtuka, mkono wangu ukaenda kwenye leso. Judy akanishika kiwiko akicheka. "Usipanguse! Hiyo ni baraka, dada. Mimi alinitemea siku ya harusi, mekapu yote ikaisha."

Tukaketi. Chai ikaja, ya maziwa tupu, nzito. Lesiamon akatoka kwa ng'ombe, mtu mrefu wa miaka ya hamsini hivi, mzee wa kanisa, mwenye maneno ya polepole. Tuliongea juu ya mvua, juu ya watu wanaouza mashamba yote mpaka kando ya barabara, juu ya meno ya watoto. Koko hajui Kiswahili ila maneno machache, lakini alikuwa akinitazama vizuri, na nikajiambia Baba alikuwa amesema kweli, hii kazi ni rahisi. Nimalize kikombe, kisha nifungue mdomo.

Sikumaliza kikombe. Mtoto alikuwa ameshuka mapajani bila mimi kuona, akawafuata wana-mbuzi mpaka kwenye zizi lao dogo la miiba, na sasa alikuwa akivuta lango lililofungwa kwa kamba. Lango likalegea. Nikafanya kile mama yeyote angefanya. Niliinuka nikapiga kelele kwa sauti yangu yote:

"Simel! Wewe Simel! Achana na mbuzi! Simel, nitakuchapa!"

Judy aliweka birika chini kama mtu anayeweka yai. Lesiamon akasimama. Koko aliinuka polepole, akishika ukuta, akaingia ndani ya nyumba yake ya udongo, na nikasikia kitu kikisukumwa nyuma ya mlango.

Wana-mbuzi walitoka wote. Hakuna aliyewakimbiza.

"Umemwita mtoto nani?" Lesiamon akauliza.

Nikamwambia. Nikamwambia na yote mengine, haraka haraka, vibaya, nikichanganya: Korongo, ukumbi, "Yuko!", mzee wangu na miguu yake. Na kila nilipotaja jina alikuwa akifumba macho kidogo, mpaka akainua mkono.

"Usilitaje tena. Si kwa hasira nasema. Usilitaje tu."

"Kwa nini?"

"Limezikwa." Akaketi. "Kwa wazee wetu, mtu akifa kijana, hajaoa, hajaacha mtoto, jina lake linazikwa na yeye. Nyumbani kwake halitajwi tena. Kulikuwa na kijana wa jirani mwenye jina kama hilo, akalibadilisha kwa heshima ya mama. Watoto wangu mimi hawajui baba yao mkubwa aliitwa nani. Wanajua tu kulikuwa na mtu wa ndege."

"Lakini nyinyi ni watu wa kanisa."

"Mimi ni wa kanisa. Mimi naweza kuliandika hata sasa hivi kwenye mchanga. Lakini mama yake hajafa, na jina ni lake."

Nikakumbuka maneno ya Meja. "Kuna mzee alikuja hapa na gari."

"Alikuja. Akashuka langoni akauliza kwa sauti ya jeshi, hapa ndipo kwa kina fulani? Mama aliingia ndani kama alivyoingia leo. Huyo mzee akangoja, akakasirika, akasema hatujali wafu wetu."

"Mbona hamkumwambia?"

"Hakuuliza. Alikuwa ameshajua."

Niliudhika. Na Lesiamon, na Meja, na Baba aliyenituma kama mtu anayetumwa dukani, na mimi mwenyewe zaidi. Miaka yote hiyo watu wawili waliompenda mtu mmoja walikuwa wakiketi mwendo wa saa moja tu kutoka kwa mwingine, mmoja akipiga kelele jina, mwingine akiziba masikio, na katikati yao hakuna aliyewahi kuuliza swali. Judy alinisaidia kuwarudisha wana-mbuzi. Alikuwa akiniambia, "Pole, dada, pole, hata mimi sikujua mtoto wako anaitwa hivyo, huwa namwita kaboi, kijana mdogo, na wewe nakuita dada tu." Nilitaka kulia lakini nilikuwa nimembeba mwingine aliyekuwa akilia tayari.

Tulipokuwa tukiondoka mlango wa udongo ulifunguka kidogo. Koko aliongea kwa Kimaasai kutoka gizani mle ndani. Lesiamon akasikiliza.

"Anauliza nani alimpa mtoto jina hilo."

"Babu yake. Alikuwa rafiki wa... Alikuwa rafiki yake jeshini."

Lesiamon akatafsiri. Mlango ukafungwa tena.

"Jumamosi hatutakuja," Lesiamon akaniambia langoni. "Siwezi kumpeleka mama mahali ambapo litapigiwa kelele."

*

Baba alinisikiliza mpaka mwisho bila kuninyang'anya neno, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema, "Hapana."

"Hapana nini, Baba?"

"Kwetu jina halizikwi. Mtu anazikwa. Jina linabaki likimtafutia mahali pa kuketi. Ukizika na jina, basi umemuua mara ya pili."

"Hiyo ni kwetu. Kwao ni tofauti."

"Kwa hivyo unasimama nao?"

"Sisimami na mtu, Baba! Nimetumwa, nimeenda, nimerudi!"

Sikuwa nimewahi kumpandishia sauti. Alinitazama, akachukua redio yake, akageuza kiti kikatazama ukuta. Siku hiyo hakula chakula nilichompikia. Maweu aliporudi kutoka Isinya alituangalia mmoja baada ya mwingine, akasema, "Hii ndege ya wazee wenu bado inaanguka tu," akaenda kuoga.

Nikampigia Meja. Nilifikiri yeye, mtu aliyesoma, mwenye majumba ya kupangisha, ataelewa. Nikamweleza yote, kuhusu kuzikwa kwa jina, kuhusu mama. Nikapendekeza: tuseme safari yote ya mahindi, tuseme kijana wa mlangoni, wa kutoka Kajiado, alivyojifunga kamba, alivyosukuma magunia. Jina tuliache. Pengine hivyo mama angeweza kuja.

"Kijana wa mlangoni," Meja akasema. "Mama Simel, jeshini hakuna kijana wa mlangoni. Kuna namba, kuna cheo, kuna jina."

"Lakini jina ndilo linalomfukuza mama yake."

"Sasa mimi nifanye nini? Kila familia ikileta mila yake, tutaita nani? Wengine watasema msiseme alikufa, semeni amelala. Hii ni historia ya kikosi, sio historia ya boma."

"Bila watu wa maboma hicho kikosi kingekuwa na nani ndani?"

Nikamsikia akisogeza kiti, nikaanza kutumaini. Kisha akasema, "Uandike vizuri ile ya mbuzi. Mmoja," akakata.

Niliandika. Niliandika mchana mtoto akilala na niliandika nikingoja maharagwe yaive. Mbuzi niliwaandika bila idadi, wagombane wenyewe. Safari ya mahindi niliiandika mara nyingi. Nikiweka jina, naona lango la miiba na mkono wa Lesiamon ukiinuka. Nikilitoa, namwona Baba na mgongo wake. Mwishowe nililitoa. Niliandika, "kijana wetu wa Kajiado, aliyesimama mlangoni," nikampa Baba kurasa asome kabla ya kuzipeleka kwa Meja, maana sikutaka kumficha.

Alisoma akisogeza kidole. Alipofika hapo kidole kikasimama.

"Huyu simjui," akasema, akanirudishia karatasi.

*

Jumamosi asubuhi alivaa koti lake la buluu lenye medali na bereti yake, akaketi nje akingoja Maweu atafute teksi. Alikuwa bado hanisemeshi. Kwa mtoto alikuwa akiongea: "Leo utaona babu akiitikia. Wacha wanikalishe. Nitasimama tena." Nilijua atafanya hivyo, na nilijua Meja atamkalisha tena mbele ya wajukuu wa watu wote, na mzee mwenye miguu kama ile hatasimama tena mwaka ujao. Nilikuwa nikifunga vifungo vya shati la mtoto na nilivifunga vibaya.

Pikapu ya maziwa ikasimama langoni kwetu. Nilijua ni ya Judy. Lakini mlango uliofunguka ni wa upande wa pili, na Lesiamon ndiye aliyetoka, akageuka akamshusha mama yake kama mtu anayeshusha kioo.

Baba akasimama. Hakuna aliyemwambia ni nani. Alisimama wima, kisha akavua bereti, kisha hakujua aiweke wapi.

Nilileta viti. Koko akaketi akimtazama yeye, si mimi wala mtoto. Akaongea, na Lesiamon akatafsiri akiangalia chini.

"Anasema hatujaja kwa mkutano. Amekuja hapa. Anauliza, wewe ndiwe uliyempa mtoto jina?"

"Ni mimi."

"Anauliza kwa nini umefukua kitu alichofukia."

Baba aliigeuza bereti mikononi. Nilijua maneno aliyokuwa nayo, nilikuwa nimeyasikia wiki nzima yakiambiwa ukuta. Lakini alisema kwa sauti ndogo, "Mwambie kwetu mtu akifa tunampa mtoto jina lake. Ili arudi akae na sisi."

Lesiamon akatafsiri. Koko akageuza macho, akamtazama mtoto wangu, ambaye alikuwa amevaa kiatu kimoja na alikuwa akijaribu kumlisha kuku kiatu cha pili.

"Anauliza, na amerudi?"

Baba akatazama kuku, akatazama kiatu. "Mwambie... huyu ni mtukutu. Yule alikuwa mpole."

Lesiamon alipotafsiri hilo, Koko alitoa sauti puani. Akaongea kwa muda, mkono wake ukichora kitu kidogo hewani.

"Anasema wewe ulidanganywa. Hakuwa mpole. Alikuwa akinyonya maziwa ya ndama moja kwa moja kwenye ng'ombe, mpaka ndama akakonda, na baba yetu akamchapa mtu mwingine." Lesiamon akakohoa. "Huyo mtu mwingine ni mimi. Sikuwahi kujua ni yeye."

Judy akacheka akafunika mdomo. Baba naye karibu acheke. "Hata jeshini," akasema, akasogea mbele kwenye kiti, "maziwa ya kopo yalikuwa yakipotea, na sisi tukamshuku mpishi! Mama Si..." Akajikatiza hapo. Akanitazama, mara ya kwanza kwa siku nyingi, kama mtu aliyefika kwenye shimo barabarani. "Mama wa mtoto. Tuletee chai."

Nilikuwa nikimimina simu ilipolia. Spika ya masikio ya simu yangu ilikufa, kwa hivyo huwa naongea kwa ile ya nje, na wote walisikia.

"Tunaanza! Kaloki yuko wapi? Na watu wa Kajiado wanakuja ama hawaji?"

Baba akanyoosha mkono, nikampa simu.

"Wainaina. Hilo jina usiliite."

"Nisipoliita limetoka, Kaloki. Ndivyo kamati ilikubali."

"Basi litoke."

Upande ule nilisikia viti vikiburutwa, mtu akijaribu maikrofoni. "Miaka yote hii umenisumbua juu ya hilo jina," Meja akasema taratibu. "Miaka yote, Kaloki. Leo unasema litoke?"

"Litoke."

Nikainama karibu na simu. "Na ukurasa wa safari ya mahindi, Meja? Utausoma?"

"Safari bila jina ni hadithi ya sungura. Nitaruka hapo. Watu wasikie ya mbuzi. Pole sana, Mama Simel."

Jina lilikuwa limetoka kwenye spika, mbele ya Koko. Baba alibonyeza simu mara kadhaa mahali pasipo na kitu, mpaka nikaichukua nikaizima. Kurasa zangu zilikuwa kwenye ukumbi ule, na ule mmoja wa maana zaidi ungerukwa kama dimbwi. Nilikuwa na hasira, nilitaka kurusha simu kwa kuku. Nilijua Jumatatu nitaketi niuandike tena, na nitatafuta mtu mwingine wa kuusoma. Lakini saa hiyo nilisimama tu na birika mkononi, nikimwangalia Koko, nikingoja ainuke atafute mlango wa kuingia.

Hakuinuka. Alikuwa ameshika ncha ya shuka lake. Midomo yake ilisogea bila sauti, sijui kama alikuwa akilijaribu lile jina au akilirudisha chini. Kisha akamwambia Lesiamon kitu kifupi, na Lesiamon akamgeukia Baba.

"Anasema hajali kuhusu ndege. Ndege alielezwa. Anauliza kama asubuhi hiyo alikuwa amekula."

Baba aliweka bereti kwenye goti. "Mwambie alikula. Tulikula pamoja kabla ya jua. Chapati. Hakumaliza, alisema nimwekee atamalizia akirudi." Akapitisha kiganja usoni. "Na chai. Chai nilipika mimi mwenyewe, maana yeye alikuwa mvivu wa kuwasha jiko."

Lesiamon akaanza kutafsiri, lakini Koko alishamwekea mkono kwenye goti amnyamazishe. Alimwinamia Baba, akauliza mwenyewe, kwa Kiswahili kile kichache alichokuwa nacho.

"Sukari uliweka?"

"Niliweka, mama," akasema Baba. "Nyingi. Alipenda tamu."